Gitaa Bubu la Mheshimiwa

Diwani Mwaipaja aliingia karakana ya Ambwene pale Tukuyu, akayapita magitaa yote, akashika moja tu: lile la mninga lililoagizwa na Gwamaka, mpigaji wa bendi ya harusi.

"Hili langu. Kampeni zimekaribia, nataka kuwaimbia wananchi. Au niifunge karakana yako kwa kosa la kupiga kelele?"

Ambwene akashusha pumzi, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Heshima iliyoje, Mheshimiwa! Ila gitaa jipya ni bubu. Mbao zake hufunguka na kutoa sauti kwa kupigwa. Piga kwa nguvu, nyuzi zote, asubuhi na jioni."

"Unanifundisha kazi?" Diwani akafoka, akaondoka nalo.

Kipaji cha Mheshimiwa kilimfikia kila mtu. Mbuzi waliacha kula, na wapita njia walibisha hodi kuuliza nani amefiwa. Masika ilipokwisha, mkewe alikuja karakana na gitaa mkononi.

"Baba, chukua kitu chako. Mume wangu akiuliza, sema limepasuka. Ukimrudishia, nitalifanya kuni za kuchemshia makande."

"Pole sana, mama," Ambwene akasema kwa huzuni kubwa.

Gwamaka alipokuja, aliligusa mara moja tu, sauti ikajaa karakana nzima.

"Ambwene! Nilijua utanipa bubu nihangaike nalo mwenyewe. Nani amelifungua hivi?"

"Nina kibarua. Hajui kupiga, lakini ana bidii."

Kisha akachukua gitaa jingine jipya, akalitundika mlangoni, mahali ambapo Mheshimiwa asingeweza kupita bila kuliona.