Mtoto Asiyesikia

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya fisi na sungura kukaa baraza moja, ni zamani ya juzijuzi tu, walimu wa Nyanda za Juu walifanya mkutano wao mkuu kule Tukuyu, wilayani Rungwe. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani.

Walikuwa na jambo zito. Shule mpya ya watoto viziwi ilikuwa imekamilika, vitanda vimetandikwa, madawati yamepangwa, lakini mwalimu mkuu hakuna. Mwenyekiti akasema, "Ndugu walimu, tumewaalika wazungumzaji watatu. Kila mmoja atatueleza habari ya mtoto kiziwi aliyepita mikononi mwake. Wasikilizeni, kisha mchague wenyewe. Mtakayemchagua ndiye tutakayemkabidhi watoto."

Pembeni mwa jukwaa alisimama mkalimani wa lugha ya alama, kwa kuwa miongoni mwa walimu walikuwamo viziwi pia. Kila lililosemwa kwa mdomo, yeye alilisema kwa mikono.

Akaanza Mwalimu Lwitiko, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko huko Rungwe, mtu mrefu, sauti yake nzito.

"Nilikuwa nikizunguka kijijini kutafuta watoto wasiokuja shule," alisema. "Nikafika kwenye nyumba moja, nikasikia kitu kinagonga ukuta wa jikoni. Du! Du! Du! Nikasukuma mlango. Walimu wenzangu, nilikuta mtoto wa kike amefungwa kamba ya mguu kwenye nguzo, kama mbuzi!"

Ukumbi mzima ukaguna.

"Mama yake akaja mbio kutoka shambani. Nikamwuliza, 'Mama, huyu si mtoto wako?' Akaniambia, 'Ni wangu, baba. Lakini hasikii. Nimwite, nisimwite, hasikii. Ameshaungua moto mkono huo, nami nikipiga kelele. Baba yake hayupo. Nikienda kulima, nimwache na nani?' Nikaikata kamba ile kwa panga lake mwenyewe. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka shule. Ndugu zangu, kabla ya kufundishwa, mtu hufunguliwa. Mimi ndiye niliyemfungua."

Makofi yakapigwa. Wengine walikuwa wanajifuta macho.

Akafuata Mwalimu Subilaga, mwanamke mwembamba, mpole wa maneno.

"Nilipangiwa shule ya kijijini nikiwa bado mgeni wa kazi," alisema. "Darasani mwangu mlikuwa na msichana mmoja, kovu la moto limemzunguka mkono. Kila asubuhi mwalimu mkuu alikuwa akimchapa mstarini. Akiitwa, haitiki. Akiambiwa ageuke, hageuki. Mwalimu mkuu alisema, 'Hata mama yake alinionya kwamba mtoto huyu hasikii. Nami nitamsikilizisha!' Siku moja nikaangusha sufuria nyuma yake. Darasa zima likaruka. Yeye hakugeuza hata shingo. Hakuwa mkaidi, jamani. Alikuwa kiziwi!"

 Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumtazama Mwalimu Lwitiko. Kovu la moto. Mama aliyesema hasikii. Mwalimu mkuu.

Lwitiko alikuwa ameshasimama. 

"Subilaga," alisema. "Unamsema yule yule?"

"Ni yule yule, Mwalimu."

Loo! Waliokuwa wamepiga makofi wakaificha mikono yao. Aliyemfungua mtoto kamba ndiye aliyemchapa kila asubuhi!

"Sikujua!" Lwitiko akapaza sauti. "Mama yake alisema hasikii, nami nikaelewa kama wote tunavyoelewa, kwamba ni mtundu, mpaka uliponiambia baadaye! Lakini wewe, mwenzangu, ulijua lini?"

Subilaga akainama. "Nilijua wiki ile ile niliyofika."

"Na mbona uliniacha nikamchapa mpaka shule ikafungwa?"

"Nilikuogopa, Mwalimu. Nilikuwa mgeni, na wewe ulikuwa mkuu wangu."

Wee! Ukumbi ukashika kichwa. Mwenyekiti akagonga meza, akamwomba Subilaga amalize.

"Shule ilipofungwa niliomba ruhusa," alisema kwa taabu. "Nikaenda mbali kujifunza lugha ya alama. Nilikuwa nanyonyesha. Nikamwachisha mwanangu ziwa kabla ya wakati wake, nikamwacha kwa mama yangu. Niliporudi alinikimbia kama anayemwona mgeni. Lakini yule msichana nilimpa lugha. Nilimpa jina la alama, kidole kikipita juu ya kovu lake, hivi. Siku hiyo ndipo alipojua kwamba ana jina. Ndugu zangu, mtu asiye na lugha amefungwa hata kama hana kamba. Mimi ndiye niliyempa lugha."

Akashuka. Safari hii hakuna aliyejua kama apige makofi au asipige.

Akapanda wa tatu, Mwalimu Ngonyani kutoka Songea, mwanamke wa suti safi, kifua mbele. Alitabasamu.

"Wenzangu mmegombania mtoto," alisema, "na mtoto mwenyewe yumo humu ndani. Tusajigwe, simama!"

Katikati ya ukumbi akasimama mwalimu kijana, mwanamke, amevaa gauni la kitenge. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelifunika kovu la mkono wa kushoto. Tangu hotuba ya kwanza alikuwa akiyaona maisha yake mikononi mwa mkalimani.

Ukumbi ulilipuka. Lwitiko akaketi kwa kishindo. Subilaga akaanza kulia.

"Alikuja sekondari kwangu, bweni," Ngonyani akaendelea. "Siku ya mtihani wa mwisho msimamizi akamkatalia mkalimani. Nikasimama mlangoni, nikasema, 'Asipoingia mkalimani, hapiti mtu hapa.' Mkalimani akaingia. Mimi nikavuliwa ukuu wa shule, nikarudishwa kuwa mwalimu wa kawaida. Tusajigwe akafaulu, leo ni mwalimu kama ninyi. Likizo zote alikaa nyumbani kwangu, maana hakuwa na baba, na mama yake alikuwa amekwisha kufa. Mimi ndiye niliyekuwa mama yake."

"Amekufa?" Lwitiko alishtuka. "Nani amekufa? Mama yake nimeonana naye jana jioni! Kila akiniona huniuliza, 'Mwalimu, mwanangu amesoma mpaka akanikataa?'"

Mikono ya mkalimani ikasimama hewani. Yule mkalimani alimtazama Tusajigwe, akamtazama mwenyekiti, akamtazama Tusajigwe tena. Ukumbi mzima ulikuwa umesikia, isipokuwa mtu mmoja, na habari ilikuwa yake.

Tusajigwe akauliza kwa mikono: Amesema nini?

Mkalimani akamwambia.

Binti yule hakuanguka. Alitoa sauti moja tu, sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, na waliokuwapo wanasema hawajaisahau. Kisha akatembea mpaka chini ya jukwaa, akainua macho kwa Ngonyani, akamwuliza: Kwa nini?

Lile tabasamu la Ngonyani halikuwapo tena. Alijibu kwa mdomo na kwa mikono pamoja, ili wote waelewe.

"Mjomba wako alikuja shuleni. Alikuwa amekwisha kukutafutia mume. Nilikwambia, ukienda nyumbani hutarudi. Ukasema, 'Mama yangu yuko kule, nitakwenda tu.' Nilikuomba, ukakataa. Ningefanya nini, mwanangu? Ukafunga sanduku lako. Basi nikakwambia amekufa na ameshazikwa. Nilimuua mama yako kwa mikono hii. Lakini hukuolewa. Ulisoma."

"Na baadaye?" Subilaga akauliza kwa ukali ambao hakuna aliyeutarajia kwake. "Alipomaliza masomo, mbona hukumwambia?"

"Niliogopa," alisema Ngonyani. "Kama wewe ulivyoogopa."

Mwenyekiti akasimama, jasho likimtiririka. "Mwalimu Tusajigwe," alisema, "hakuna anayewajua hawa kuliko wewe. Tuchagulie. Au shule hii uichukue wewe mwenyewe."

Tusajigwe akajibu, mkalimani akatoa sauti.

"Mimi bado mchanga wa kazi. Nitafundisha katika shule hiyo, chini ya yeyote mtakayempa. Lakini msinitake nichague. Huyu alinifungua, akanichapa. Huyu alinipa jina, lakini alinyamaza nikichapwa. Huyu aliniokoa, akanizikia mama akiwa hai. Nikimkataa mmoja wao, nani angenifikisha hapa? Chagueni ninyi. Mimi nataka kwenda nyumbani. Sasa hivi."

Akatoka. Subilaga na mkalimani wakatoka naye, na Lwitiko akaenda nao kuwaonyesha njia. Ngonyani alibaki jukwaani, hakuna aliyemkaribia.

Walimkuta mama yake Tusajigwe anapalilia maharage, kawapa mgongo. Lwitiko akaita, "Mama, nimekuletea mgeni." Mama akageuka. Alimtazama yule mwanamke wa kitenge kama unavyomtazama mtu usiyemjua, mpaka macho yakashuka kwenye kovu. Jembe likamtoka.

"Tusa?" alisema. Akarudia kwa sauti kubwa, kwa sauti kubwa zaidi, akimwita kama alivyokuwa akimwita zamani, na binti alikuwa amekwisha kumfikia. Mama yule hakujua hata alama moja. Subilaga akaushika mkono wake uliojaa udongo, akamwonyesha jinsi ya kuliita jina la mwanawe: kidole juu ya kovu, hivi. Mama akaliita. Akaliita tena. Hapo ndipo Tusajigwe alipoketi chini na kulia.

Huku ukumbini walimu waligawanyika. Wengine walisema, "Mpeni Lwitiko. Bila ya kukatwa kamba hakuna hadithi, na fimbo zake zilikuwa za kutojua." Wengine wakasema, "Kutojua ndiko kunakochapa watoto mpaka leo. Mpeni Subilaga, aliyemnyima mwanawe ziwa ili apate lugha ya mtoto wa mwenzake." "Aliyejua akanyamaza?" wakajibiwa. "Kesho ataona mtoto anaumizwa na kunyamaza tena. Mpeni Ngonyani, aliyepoteza cheo chake mlangoni." Na wengine wakapiga meza: "Huyo aliyemzika mzazi mzima? Umpe watoto wasiosikia, ambao hulijua lile tu analowaambia kwa mikono yake?"

Walibishana mpaka chai ikapoa, na watoto wa shule ile mpya walikuwa wakingoja mwalimu.

Nami nimewafikisheni hapo walipofika wao, sina neno la kuongeza. Ninyi mlionisikiliza ndio mwamue. Kati ya Lwitiko, Subilaga na Ngonyani, mngemkabidhi nani watoto wale? Je, nani alistahili?