Honi ya Dereva Righa

Sogeeni karibu. Aliyesinzia aamshwe, anayekoroma apigwe kiwiko, maana hadithi hii ina kesi ndani yake na mahakimu ni ninyi.

Palikuwa na watu watatu pale Voi, waliokulia katika nyumba moja ya mabati kando ya reli. Wa kwanza aliitwa Mwakio, naye alijaliwa mikono. Utaniambia kila mtu ana mikono. Sawa, lakini ya Mwakio ilijua chuma kinataka nini kabla chuma chenyewe hakijajua. Wa pili alikuwa dada yake Wakesho, mwalimu wa hesabu, naye alijaliwa macho. Akiutupia mlango jicho mara moja atakuambia umepinda kwa upana wa ukucha, na ukiupima unakuta ni kweli, na unaanza kumchukia kidogo. Wa tatu alikuwa Kalaghe, naye alijaliwa masikio. Huyu hakuzaliwa katika nyumba ile. Baba yake alikuwa mtia makaa kwenye garimoshi, na alipofariki, dereva wake alimchukua mtoto akiwa na miaka minne, akamlea kama wa kumzaa. Alipokua akawa kiongozi wa kwaya. Hata jirani akipiga chafya, Kalaghe aliweza kukuambia kama ni ya juu au ya chini.

Dereva huyo ndiye Righa, baba wa Mwakio na Wakesho, na mkewe ni Malemba. Ukweli usemwe, hadithi hii ni ya Malemba.

Enzi za moshi, Righa alikuwa na injini yake mwenyewe na hakutaka mwingine aiguse. "Injini ya madereva wawili haimjui hata mmoja," alikuwa akisema. Kila dereva alivuta kamba ya honi kwa mtindo wake, na wake zao huku nyumbani walijua nani anakuja. Righa akifika darajani alipiga ndefu mbili, fupi moja, kisha ndefu nyingine iliyozama polepole mwishoni, kama mtu anayeketi baada ya safari. Hapo Malemba aliteleka birika lake kubwa la shaba. Righa alipokuwa anavua viatu mlangoni, chai ilikuwa inamiminwa. Miaka thelathini chai ya Righa haikupoa hata siku moja.

Kisha moshi ukaisha, dizeli zikaja, Righa akastaafu. Alijenga karakana nyuma ya nyumba, akaweka mashine ya kukereza vyuma, tupa zake na jiliwa la kubania, akaanza kuunda upya injini yake ileile, ila ndogo ya kubebwa kwa mikono miwili. Alimaliza magurudumu tu, kifo kikamkuta. Magurudumu yakabaki kwenye kopo la mafuta ya kupikia, karakana ikafungwa kufuli.

Ndipo ndoto zilipoanza. Kila baada ya chakula cha mchana Malemba hujinyoosha kwenye mkeka barazani, na usingizi ukimchukua tu, garimoshi linatokea upande wa daraja. Anauona moshi. Anamwona Righa dirishani na kofia yake, mkono umeshika kamba, anaivuta. Hakuna sauti. Garimoshi linapita kimya, linaipita nyumba, linakwenda zake. Malemba akishtuka anajikuta amesimama jikoni, birika mkononi, hajui aliteleke au alirudishe mahali pake.

Alijitahidi kuikumbuka honi ile akiwa macho. Haikuja. Ilikuwa imemtoka kama jina la mtu uliyesoma naye zamani.

"Mume wangu nilimzika mara moja," aliwaambia wale watatu walipokuja kumtembelea Pasaka. "Sasa namzika kila mchana. Imalizeni injini ya baba yenu. Atakayenirudishia honi yake, ufunguo wa karakana ni wake."

"Si tutagawana tu, Mama?" Wakesho akauliza.

"Mlimsikia wenyewe baba yenu. Karakana ya mabwana wawili haimjui hata mmoja."

Wote watatu waliitaka karakana ile. Mwakio alikuwa amechoka kufua vyuma kwenye kibanda cha mtu. Wakesho alikuwa na wasichana darasani kwake wenye vichwa vya ufundi wasio na mahali pa kujaribia. Na Kalaghe hakuwahi kuwa na mlango duniani ambao angeweza kusema, huu ni wangu.

Kazi ilianza kwa Wakesho, kwa sababu mchoro haukuwapo. Righa alibeba vipimo vyote kichwani akaenda navyo. Kilichobaki ni picha moja tu, Righa amesimama kando ya injini na koti lake la kazi. Watu wengine wangeona picha. Wakesho aliona kwamba koti lile bado lilining'inia nyuma ya mlango. Akalipima kutoka kola hadi kifungo cha mwisho, akapima kola na kifungo kwenye picha, na kwa hesabu hiyo akapata gurudumu, dohani, ngazi, kila kitu hadi ribiti. Karatasi arobaini na moja. Likizo ile alitakiwa kwenda mafunzo ya kupandishwa cheo. Hakwenda, na cheo akapewa mwingine.

Karatasi zikamfikia Mwakio. Akatafuta shaba nene ya kutengenezea boila, madukani hakuna. Akaingia jikoni kunywa maji, jicho likatua kwenye birika. Malemba akaliona jicho lile. Alimwaga majani ya chai yaliyokuwamo, akalifuta kwa upindo wa leso yake, akamkabidhi.

"Lichukue kabla sijabadili nia."

Mwakio akalikata, akaliviringisha kwenye gogo, akalilehemu. Likavuja. Akarudia, likavuja. Mara ya tatu mvuke ulifumuka ukamchoma kiganja cha kushoto, na vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Alifunga kitambaa, akaendelea, akamwambia mama yake ameumwa na nyigu. Mara ya nne boila ikashika.

Jumamosi moja asubuhi wakaiweka injini juu ya reli zake uani, majirani wakaitwa. Mwakio akachochea vimakaa, na magurudumu ya Righa, yaliyokaa miaka kwenye kopo, yakazunguka. Watu wakapiga makofi. Wakesho akavuta kamba ya honi, aliyoichora mwenyewe kwa uangalifu mkubwa, ndogo kama njiti ya kiberiti.

Ikasema, "Pii!"

Kifaranga kabisa. Majirani wakaangua kicheko. Malemba naye alicheka, akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi.

"Siyo yeye," akasema, akaingia ndani.

Wakesho akapekua karatasi zake, vipimo vilikuwa sahihi. Mwakio akaichunguza honi, matundu yalikuwa sahihi. Na kosa lilikuwa hapohapo. Walimheshimu mno baba yao hata wakapunguza kila kitu chake sawasawa, sauti yake ikiwamo.

Kalaghe, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akitumwa makaa tu, akasema, "Sauti haifuati rula. Bomba fupi hulia juu. Mkimtaka baba, itabidi hesabu ya dada ivunjwe."

"Wewe unajua nini kuhusu injini?" Mwakio akamkatiza, mkono ukimuuma.

"Sijui kitu, kaka. Ila najua alivyolia. Ninyi mkicheza mpira, mimi nilikuwa darajani kila jioni. Nilidhani baba yangu bado yumo ndani. Nilingoja miaka mitatu ndipo nikaelewa. Ile honi siwezi kuisahau hata nikitaka."

Mwakio akamsogezea msumeno.

Kalaghe akaanza kukata mabomba. Alikata moja akalipuliza kwa mdomo, akatikisa kichwa, akakata jingine. Alikata sitini na matatu. Midomo ilivimba, mazoezi ya Krismasi yakampita, na kwaya aliyoilea miaka kumi ikakabidhiwa kijana wa Mwatate. Mwishowe akapata mawili ya kulia pamoja, kwa kuwa honi ya Righa ilikuwa na sauti mbili ndani ya moja. Lakini yalikuwa marefu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kwenye injini ile hapakuwa na pa kuyaweka. Ndipo Wakesho alipoichana karatasi ya kumi na tisa kwa mkono wake, akachora upya behewa la makaa lenye nafasi iliyofichwa tumboni. Na kwa kuwa mabomba yale yalikunywa mvuke mwingi, Mwakio akaifungua tena boila yake, kwa mkono mzima na mkono mbovu, akaipanua njia ya mvuke.

Siku ya kujaribu hawakuita jirani. Ilikuwa mchana, Malemba amelala mkekani. Mwakio alikuwa kwenye moto, Wakesho macho kwenye kipimo cha mvuke, Kalaghe ameshika kamba.

Na Malemba, huko alikokuwa, aliliona garimoshi likitokea upande wa daraja. Akauona moshi. Akamwona Righa na kofia yake, mkono kwenye kamba, akajikaza moyo kama kawaida, maana alijua ukimya unaofuata. Righa akavuta.

Ndefu mbili. Fupi moja. Kisha ndefu nyingine, ikazama polepole, ikaketi.

Safari hii Righa aligeuza uso akamtazama.

Malemba akainuka. Alipita kati ya wale watatu bila kuwaona, akaingia jikoni, akawasha moto, akapapasa rafu akitafuta birika. Halikuwapo. Akateleka sufuria. Wao wakasimama uani hawathubutu hata kukohoa, wakasikia maji yakianza kuimba. Alipotoka alibeba sinia lenye vikombe vitano.

Wote wakavihesabu. Hakuna aliyemwambia vimezidi.

"Amefika," Malemba akasema, akaketi, akalia kwa furaha bila kujificha, mpaka leso ikalowa. Kisha akakifungua kifundo cha leso hiyohiyo, akatoa ufunguo wa karakana.

"Mama," Mwakio akasema, "uutazame mkono wangu. Honi bila mvuke ni bomba tu."

"Na mvuke ungepita wapi bila karatasi zangu?" Wakesho akauliza. "Mlikuwa na kopo la magurudumu tu."

Kalaghe aliinamisha kichwa. "Mimi sikuzaliwa hapa, sina cha kudai," akasema, lakini macho yake hayakubanduka kwenye ufunguo, na Malemba aliyaona.

Mama wa watu akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameahidi, na ahadi ni deni. Akauweka ufunguo kwenye sinia, kando ya kikombe cha tano, ambacho hakuna aliyekigusa.

"Katika nyumba hii chai ya baba yenu haijawahi kupoa," akasema. "Na leo haitapoa. Kabla mvuke wa kikombe hiki haujaisha, nitakuwa nimemtaja mwenye karakana."

Wakakaa, wote wanne, wakikitazama kikombe.

Na mimi nawaacha hapo, kwa sababu kila nikiisimulia hadithi hii huwa na jina mdomoni, na kila nikifika mwisho linabadilika. Ninyi je? Kuna aliyeiona injini kwenye koti, kuna aliyeipa moto kwa ngozi yake, na kuna aliyeitunza sauti tangu utotoni. Ufunguo mngempa nani? Semeni upesi, wakubwa kwa wadogo. Mvuke umebaki kidogo tu.