Hukumu ya Mfadhili

Bwana Mhilu, mwenye kiwanda cha magodoro, alifadhili tamasha la filamu la Tanga, na kwa sababu hiyo aliijua sanaa kuliko wasanii wote. Alimwita jaji mkuu, Bi Zuwena.

"Filamu ya mwanangu ishinde. Isiposhinda, mwakani mtaonyeshea filamu zenu kwenye shuka."

"Inahusu nini, mzee?"

"Mimi nina muda wa kutazama filamu? Nimeilipia, yatosha."

Bi Zuwena akainama kwa heshima. "Basi hukumu utoe wewe mwenyewe, mbele ya watu. Tutazionyesha bila majina, wasije wakasema tumekupendelea."

"Hamna neno. Damu yangu nitaijua tu!"

Jioni ukumbi ukafurika. Filamu ya kwanza ilimliza Bwana Mhilu hadi akasimama na kupaza sauti, "Mshindi ndiye huyu! Damu haipotei!" Ya pili haikufika hata nusu.

"Zimeni upuuzi huu!" alifoka. "Aliyeutengeneza hana baba wa kumkanya?"

Bi Zuwena akachukua kipaza sauti. "Anaye, mzee. Na hukumu yake tumeipokea."