Hondohondo Alipowauliza Nguchiro Habari ya Vita

Paukwa!

Pakawa!

Wengine mmeitika, wengine mmenyamaza, na wewe kule nyuma umesema "ndiyo". Nani aliyekuambia paukwa huitikiwa "ndiyo"? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Sasa sawa. Hapo kale, na kale yenyewe msiniulize ni ya lini, huko nyikani palikuwa na ukoo wa nguchiro. Walikaa ndani ya kichuguu. Mkubwa wao alikuwa Bi Nguchiro, mama wa wote. Akisema twende, wanakwenda. Akisema tulale, wanalala.

Juu ya mgunga uliokuwa karibu alikaa rafiki yao, Hondohondo, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda. Urafiki wao ulikuwa wa kazi. Kila asubuhi nguchiro wanapekua majani, pekupeku, pekupeku, panzi wanaruka, Hondohondo anadaka. Naye anawatazamia juu. Akiona mwewe, "Ko-ko-ko-ko!" Nguchiro wote puu! ndani ya kichuguu. Mwaka ule hakuna mtoto wa nguchiro aliyeliwa na mwewe. Hata mmoja.

Sasa sikilizeni desturi ya hondohondo. Mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, na tundu linazibwa kwa udongo. Hubaki ufa tu, upana wa kidole changu hiki. Mle ndani mke hupukutika manyoya, hawezi kuruka. Anakaa na makinda wake gizani, na chakula chote analetewa na mumewe kwa ule ufa. Mume asipokuja, hawali. Mmeelewa? Haya. Siku hizo mke wa Hondohondo alikuwa ndani ya tundu kama hilo kwenye mgunga ule, na makinda wawili.

Asubuhi moja Hondohondo akaja kichuguuni, manyoya yamemsimama.

"Dada," akamwambia Bi Nguchiro, "Kenge yule wa kijitoni anautazama mti wangu."

"Anautazama vipi, kaka?"

"Kwa macho."

"Amepanda?"

"Hajapanda."

"Amesema atapanda?"

"Hajasema. Lakini kenge hula makinda, hilo unalijua. Kwa hiyo huenda nikamwendea. Huenda. Sijaamua bado. Nikimwendea, mko upande wangu?"

Bi Nguchiro akakuna sikio. Akakuna na la pili. "Ngoja niwaulize wenzangu," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipovurugika. Nguchiro wakakaa duara, wote wakasema kwa pamoja.

"Ni rafiki yetu! Bila yeye mwewe angetumaliza!"

"Lakini Kenge kafanya nini?"

"Bado. Akifanya kesho je?"

"Basi tutakwenda kesho."

"Kesho makinda watakuwa tumboni mwake!"

"Na tukikataa, Hondohondo akahama, nani atatutazamia mwewe?"

Kisha aliyekuwa anasema ndiyo akasema hapana, na aliyekuwa anasema hapana akasema ndiyo, wakaanza upya. Bi Nguchiro aliona kila anayesema ana haki. Hata mimi, kila nikifika hapa kwenye hadithi, naona wote wana haki, na kichwa kinaniuma.

Mchana Hondohondo akarudi. "Vipi, dada?"

Bi Nguchiro alikuwa hajui. Kweli kabisa, alikuwa hajui. Lakini aliona haya kumwambia rafiki "sijui". Aliogopa atanuna. Basi akajibu kwa adabu: "Kaka, sisi na wewe ni kitu kimoja. Lolote utakaloamua."

Hondohondo akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilikuwa naogopa, dada. Sasa siogopi."

Purrr! Akaruka.

"Kaka, ni sasa hivi?" Bi Nguchiro akaita. Hondohondo hakusikia.

Kenge alikuwa juu ya jiwe, anaota jua. Hondohondo akamshukia, ko! mdomo mgongoni. Kenge akageuka, mkia chwaa! Bawa la Hondohondo likavunjika. Kenge akaingia majini, chubwi. Nguchiro ndio kwanza wanafika, mbio mbio, huku wakiulizana, "Tunapigana au tunatazama?"

"Dada, mlikuwa wapi?" akauliza Hondohondo pale chini.

"Tulikuwa tunaulizana."

Wakamsaidia kurudi, bawa linaburutika vumbini. Kutoka kwenye ufa wa mti ikasikika sauti: "Baba watoto, leo umechelewa. Watoto wana njaa."

Hondohondo akajaribu kupanda, bawa likanasa kwenye miiba, akaanguka. Nguchiro wakajaribu, kila mmoja na panzi mdomoni. Miiba ikawachoma, wakateleza, kwaruu, chini. Siku ya kwanza ikapita hivyo. Siku ya pili vilevile. Sauti ya juu ikazidi kuwa ndogo.

Siku ya tatu, ko, ko, ko. Udongo ukaanguka. Mke wa Hondohondo akatokeza, mwili mtupu, manyoya hayajaota. Akajitupa chini, pwaa!

"Walikuwa wawili," akasema. "Mmoja amekufa."

Akamtazama mumewe na bawa lake. Akamgeukia Bi Nguchiro.

"Wifi, nani alimwambia aende?"

"Hakuna aliyemwambia aende, wifi," akajibu Bi Nguchiro, panzi bado amembana menoni.

"Na nani alimwambia asiende?"

Bi Nguchiro akafungua mdomo. Panzi akaanguka. Mke wa Hondohondo akamwokota yule panzi, akapanda juu ya kichuguu, akarukia tawi la chini, kisha la pili, miiba ikimchana ngozi, akampelekea kinda aliyebaki.

Funzo ni hili, nalisema wazi, wakubwa na wadogo mlisikie: rafiki akikuuliza habari ya vita, usimjibu kwa adabu. Ukiona aende, nenda naye. Ukiona asiende, mzuie, hata akinuna. Na kama hujui, mwambie hujui, naye apate kuogopa kidogo kabla hajaruka.

Mtaniuliza, je, kama kweli Kenge angepanda ule mti? Sijui. Nimeisimulia mara nyingi, na bado sijui.

Hadithi yangu nimeitua hapa.