Sentensi Kumi na Mbili za Mwalimu Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafunga vifungo vya sare na kuwahi namba mstarini shuleni, palikuwa na mwalimu mmoja mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Huyo ndiye Mwalimu Kifaru.

Mwalimu Kifaru alipenda Kikorongo kuliko chakula. Kikorongo ni lugha ya korongo, wale ndege wageni wanaokuja na mvua na kuondoka nayo. Huizungumza kwa kugonganisha midomo: kla-kla, kle-kle. Msimu mmoja walitua kwenye dimbwi lake, akakaa nao wiki tatu, akaokota sentensi kumi na mbili. Walipoondoka aliziandika kwenye karatasi ya manila, akaibandika ukutani, akatangaza kwamba ndani ya darasa lake Kinyika, lugha ya nyumbani, ni marufuku.

Basi ikawa hivyo. Mwalimu akiingia, darasa zima linasimama: "Klaa-kle!" Hiyo ni salamu. Ukitaka kutoka nje, "Kle-kle-klaa." Mwalimu akisema "Klo," mnakaa. Akiuliza kama mmeelewa, mnajibu "Kla-kla," hata kama hamkuelewa kitu, na mara nyingi hamkuelewa. Jambo hilo linanikera hadi leo, siwafichi.

Aliyeteleza akasema Kinyika alivishwa kibao cha mti shingoni na kukosa uji wa saa nne. Alikaa nacho mpaka mwingine ateleze na kukipokea. Aliyekutwa nacho Ijumaa jioni mara tatu alifukuzwa shule.

Sasa darasani humo alikuwamo Kakakuona, mtoto wa kike mpole, mwenye hati nzuri kuliko wote. Ijumaa mbili zilikuwa zimeshamkuta na kibao. Jumatano ya wiki ya tatu akamwona nge anatambaa kuelekea mguu wa Digidigi, aliyekaa dawati la mbele. Kakakuona akatazama ukutani, sentensi ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Ya nge haikuwapo.

"Digidigi, ondoka hapo," akasema kwa Kinyika, kwa sauti ya juu. "Kuna nge!"

Digidigi akaruka, akapona. Kakakuona akavishwa kibao.

Tangu hapo kila mtoto alifunga mdomo wake vizuri, hakuteleza mtu. Alhamisi jioni Kakakuona alimwambia Pimbi, mwenzake wa dawati, "Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho. Mama ameshanishonea sare mpya ya mwakani. Sijui nitamwambiaje."

Pimbi alikuwa mdogo kiasi cha kuenea ndani ya mkoba wa mwalimu, lakini akili zake hazikujua kupumzika. "Usimwambie kitu kwanza," alisema. "Niachie mimi."

Akaenda moja kwa moja ofisini. Huko Kinyika kiliruhusiwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Pimbi. Una shida gani?"

"Mwalimu, wengine wanasema sheria ya kibao ni ya watoto tu. Mimi nimewakatalia."

"Umefanya vizuri. Sheria haichagui. Yeyote atakayesema Kinyika ndani ya darasa langu atakivaa."

"Hata mtu mzima?"

"Hata mkaguzi wa shule."

"Basi, mwalimu, kesho uwaambie mstarini wote wasikie."

Kifaru akaona amepata mwanafunzi mwenye adabu. Ijumaa asubuhi akasimama mbele ya mstari na kutangaza kama alivyoombwa.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Pimbi kuchochea moto wa uji, na jiko lilikuwa chini ya dirisha la darasa. Kabla ya kuingia kwenye kipindi alirundika majani mabichi juu ya makaa. Wenzake alishawaambia, "Moshi ni wangu, msiogope. Lakini msiseme neno lolote ambalo haliko ukutani."

Kifaru alikuwa ameuelekea ubao, anaandika. Moshi ukaingia, fuuu, ukajaa darasani. Watoto wakaanza kukohoa, koho, koho.

Pimbi akanyoosha mkono. "Kle-kle-klaa."

"Klo," alijibu mwalimu bila kugeuka.

Digidigi naye akanyoosha. "Kle-kle-klaa."

"Klo."

Kifaru, mnajua, macho yake ni dhaifu, ila pua yake ni kali. Akanusa mara moja, akanusa mara mbili, akageuka. Akafungua mdomo, kisha akaukodolea macho ukuta.

"Klaa-kle," alisema.

Darasa zima likasimama na kumwamkia, "Klaa-kle!"

"Klo. Kla... klo." Wakakaa. Jasho likaanza kumtoka. "Kle-kle-klaa!"

"Kla-kla," walijibu kwa pamoja, yaani wameelewa, na wakabaki wamekaa wima na mikono juu ya madawati.

Moshi ukazidi. Hapo Kifaru akasahau ukuta, akasahau korongo na kila kitu. "Moto!" alinguruma kwa Kinyika. "Wanangu, tokeni nje, mtaungua!"

Gudu-gudu, gudu-gudu, madawati yakasukumwa, wote wakatoka. Kakakuona ni mzito wa kutembea, kwa hiyo mwalimu alimkwapua na kutoka naye wa mwisho. Huko uwanjani akawahesabu watoto mara mbili, pumzi zikimpaa.

Pimbi akamwaga maji jikoni, tshiii. "Hakuna moto, mwalimu," alisema. "Ni majani mabichi. Nimeyaweka mimi."

Kifaru akamwinamia. "Umenichezea, Pimbi. Nimewaogopea kweli kweli."

"Nisamehe, mwalimu. Nimekosa. Lakini Jumatano Kakakuona naye aliogopa hivyo hivyo. Naye alitafuta ukutani kwanza, akakosa."

Kakakuona alikuwa ameshika kamba ya kibao kwa mkono mmoja, hathubutu kuivua. Wote walimjua Kifaru na hasira zake, na wote walijua pia kilichotangazwa mstarini.

Kifaru akapiga magoti. "Nivishe, mwanangu," alisema.

Kakakuona akavua kibao, akamvisha. Kamba ilinasa kwenye pembe, wakasaidiana kuinasua. Hakuna aliyecheka. Moto ukawashwa tena, na uji ulipoiva, mwalimu hakunywa.

Digidigi akauliza taratibu, "Mwalimu, kwa Kikorongo moto unaitwaje?"

Kifaru akafikiri. "Sijui," alisema.

Hawakuwahi kumsikia akisema neno hilo, na lilimuuma kulisema, nadhani. Jumatatu akaanza upya. Kikorongo kilibaki kwenye ratiba, lakini sasa kila sentensi ilielezwa kwa Kinyika, na mtoto aliyekuwa na la kusema alilisema kwa lugha aliyonayo. Mvua ziliporudi na korongo wakatua dimbwini, mwalimu na darasa lake walikwenda pamoja, kila mmoja na daftari lake, wakaketi kwenye nyasi kuuliza maswali.

Yangu yameishia hapo, wanangu: lugha ya kigeni ni ya kujifunza, si ya kumzibia mtoto mdomo.