Kwa Nini Herufi K Yuko Mlangoni Wala Hasemi

Enzi zile Kiingereza kingali kibichi, nyumbani kwake hapakuwa na herufi ya kukaa bure. Aliyeandikwa alisema. Neno lao la kisu, “knife”, mlango wake ulishikwa na mzee K, na kila lilipotamkwa yeye ndiye aliyetangulia kupiga hodi, N na wengine wakafuata nyuma. Alikuwa na koo la mnadi mitumba.

Mwenye nyumba, Bi Kiingereza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini watu wake walikuwa na haraka, na haraka ikaleta msiba. Siku moja jamaa wa “do not” walitoka mbio wamebanana, wakapita kichochoro chembamba, na yule O wa nyuma, mama wa watu, mnene, akasukumwa nje. Hakuna aliyegeuka. Mpaka wanakaa kula ndipo walipogundua hayupo. Wakarudi kumtafuta, wakaokota mkongojo wake tu. Bi Kiingereza akautundika juu ya pale alipokuwa akikaa O, akasema asikae mtu hapo. Ndicho kile kijialama mnachokiona kikining'inia katika “don't”.

Haukupita muda mrefu, baridi ya nchi ile ikamkamata K. Asubuhi moja alifungua kinywa kupiga hodi, ikatoka pumzi tupu. Neno likasikika kuanzia kwa N. Mchana akajaribu tena. Pumzi. Akajua kinachokuja, maana herufi isiyo na neno ni mkwaruzo tu kwenye karatasi, na mkwaruzo hufutwa.

Kikao kikaitishwa.

“Babu, hatukuchukii,” akasema F, kijana wa neno lile lile. “Ila wino unakwisha, na wewe husemi. Sogea, wengine wapate nafasi.”

“Wengine nani?” N akamkata. “Akitoka yeye, wa mbele ni mimi. Na mimi sitaki. Kwani anakula sahani yako?”

K hakungoja hukumu. Alikunja mkono wake na mguu wake, akaanza kutoka.

“Unakwenda wapi?” Bi Kiingereza akauliza.

K akaonyesha koo.

“Nimekuuliza unakwenda wapi. Habari za koo sikukuuliza.” Kisha akawageukia wengine. “Mkongojo ule mmoja unanitosha. Kila nikiinua macho nauona. Huyu mzee amewatangulia miaka yote, wewe F ukiwa huko nyuma unajifuta kamasi. Atakaa alipokuwa akikaa. Asiyeweza kusema, asiseme.”

K akarudi mlangoni. Alitaka kushukuru, sauti hana, basi akashukuru kwa kusimama wima, na hajaegemea ukuta mpaka leo.

Na tangu siku hiyo, kila herufi iliyopoteza sauti katika nyumba ile huachiwa kiti chake. B yupo mkiani mwa “lamb”, kimya. G na H wamekaa katikati ya “night” kama wakwe ugenini. Watu hulalamika kwamba lugha hii imejaza wazee wasio na kazi. Walalamike. Wewe ukiandika kisu chao bila K, mwalimu atakukata alama, na usije kulia kwangu. Mwandike yeye kwanza, ndipo wengine. Usimuulize anafanya nini pale. Yuko kwao.