Nguruwe na Uchafu Usio Wake

Mwaka ule mvua zilikataa kabisa, mito ikabaki mchanga mtupu, nyasi zikakatika mkononi kama karatasi, na wanyama wa bondeni wakaambiana, jamani, tukikaa hivi hivi tutakwisha, tulime. Wakalima. Kila mmoja akapata kipande karibu na kinamasi, akapanda mahindi na maboga, na kila mmoja akaambulia majani ya njano. Isipokuwa Nguruwe. Kwa Nguruwe maboga yalitambaa mpaka njiani.

Wenzake wakaenda kuchungulia, wakidhani watakuta uganga. Hawakuukuta. Nguruwe alikuwa anakula walichotupa wao: maganda, pumba, matunda yaliyooza. Kisha anakwenda kwenye pembe moja ya banda lake, pembe ile ile kila siku, mbali na anapolala, anajisaidia hapo, na samadi ile anaipeleka shambani na kuifukia kwa pua. Basi, ndiyo siri yote. Tangu hapo kila mnyama akawa anamletea makapi na kuondoka na samadi, na bonde likaanza kurudisha rangi.

Simba, mfalme wao, hali maboga. Lakini raia walikuwa wameanza kuhama, na angebaki anamngurumia nani? Kwa hiyo alipotangaza kwamba kilimo kile kilikuwa wazo lake, hakuna aliyembishia. Akaweka na sheria: "Mnyama atakayechafua malalo yake ataondoka bondeni siku hiyo hiyo. Sitaki magonjwa kwenye shamba langu."

Ndipo Nguruwe akazaa. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na watoto walikuwa wengi, wekundu, wamebanana ubavuni kwake kama ndizi kwenye chane, kila mmoja na titi lake ambalo hataki mwenzake aliguse. Nguruwe akashikwa na hofu. Anaogopa baridi, anaogopa upepo, anaogopa kuwalalia. Wakilia anaogopa, wasipolia anaogopa zaidi.

Fisi akaja kutoa hongera.

"Dada yangu! Hongera sana! Wamenona... yaani, wamependeza."

"Asante, kaka Fisi. Ishia hapo hapo mlangoni."

"Mbona unanifukuza? Mimi si mjomba wao?"

"Mjomba huwaangalia watoto usoni," Nguruwe alisema. "Wewe unawaangalia mapajani."

Fisi akacheka, akaondoka, lakini moyo wake ulibaki bandani. Kuingia kwa nguvu hawezi. Nguruwe mwenye watoto ana meno, na mlango ni mmoja. Lakini njiani je? Mama mmoja, watoto kibao nyuma yake, pori wazi kila upande, atamlinda nani amwache nani? Fisi akaona kazi yake ni moja tu: kumtoa Nguruwe bandani.

Watoto walipoanza kutembea, Nguruwe akawa anakwenda nao kinamasini jua likiwa kali, maana nguruwe hatoki jasho, asipojipaka tope anaungua. Siku moja walipotoka tu, Fisi akanyata akaingia. Akaenda kwenye pembe ya samadi achote kidogo aimwage malaloni. Pembe ilikuwa nyeupe pee. Majirani walikuwa wamebeba yote, hata punje hawakuacha. Fisi akafikiri. Kisha akachuchumaa juu ya majani makavu anapolala mzazi, akamaliza shida yake, akakimbia kwa Simba.

"Mtukufu! Amka! Sheria yako imekanyagwa!"

Nguruwe aliporudi, tope mpaka masikioni, alimkuta Simba mlangoni amekunja uso, Fisi pembeni yake, na Sungura ambaye alikuwa amefika na kikapu chake kufuata samadi.

"Umechafua malalo," Simba alisema.

"Mwangalie, Mtukufu!" Fisi alidakia. "Ushahidi ameuvaa mwenyewe!"

"Si mimi, Mtukufu, mimi sijawahi, hata hawa wadogo hawajawahi, wanaijua ile pembe kabla hawajajua jina langu, na tope hili ni la jua tu. Naomba, tukitoka na hawa tutafika wapi, huko njiani si atakuwapo..." Akamtazama Fisi.

"Sheria ni sheria," Simba alisema. "Kabla jua halijazama uwe umeondoka."

"Nitamsindikiza mimi," Fisi alisema kwa upole. "Njia zenyewe siku hizi hazina usalama."

Watoto wa Nguruwe walijibana chini ya tumbo la mama yao. Sungura aliingia bandani. Alichukua kijiti, akakivuta kile kinyesi taratibu mpaka nje, akakiacha juani. Halafu akainama mbele ya mfalme.

"Mtukufu, hukumu nimeisikia. Ila hawa watoto wataondoka bila kujua nani alianzisha kilimo hiki. Huwezi kuwaambia japo kidogo ulivyolipata wazo lenyewe?"

Simba akakohoa. Akakaa. Akatengeneza manyoya ya shingo. "Kwanza," alisema, "lazima tuanze na babu yangu."

Akaanza na babu. Jua likawaka. Akaja kwa baba. Jua likazidi. Fisi akawa anahamia mguu huu, mara mguu ule.

"Mtukufu, jua linakwenda..."

"Umenikatiza?"

"Hapana, Mtukufu."

"Umenifanya nisahau nilipofika." Simba akarudi kwa babu.

Alipomaliza, Sungura alikuwa ameshaona alichokuwa anakingoja. "Maneno mazito, Mtukufu. Sasa hebu tazama kile kitu pale juani. Kina rangi gani?"

Simba akatazama. Kilikuwa kimekauka, cheupe kama chokaa.

"Samadi ya Nguruwe naibeba kila siku," Sungura alisema. "Ikikauka inakuwa nyeusi. Cheupe namna hii ni cha mtafuna mifupa. Nguruwe anakula maganda yetu. Mimi nakula majani. Sasa hapa tulipo, anayekula nyama ni..."

"Mimi mifupa naiacha!" Simba alisema haraka. "Kila mtu anajua naiacha!"

"Tunajua, Mtukufu. Na ukishaiacha, nani huja kuikusanya?"

Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akacheka cheko lake, lakini halikuwa refu.

"Nilibanwa," alisema. "Nilikuwa napita tu, nikabanwa."

"Ukapita, ukaingia mpaka malaloni kwa mzazi?" Nguruwe aliuliza. Safari hii hakuwa na haraka. "Ulikuwa unatafuta nini, kaka?"

Fisi akampa mgongo. Alimgeukia Simba. "Lakini Mtukufu, sheria inasema malalo yako mwenyewe, na mimi silali hapa, kwa hiyo ukiisoma vizuri..."

"Unanifundisha sheria yangu?" Simba alinguruma, na Fisi hakungoja maelezo mengine. Vumbi lake lilionekana mpaka ng'ambo ya kinamasi, na hakuna aliyemsindikiza.

Nguruwe aliingia ndani. Akatoa majani yaliyochafuka, akatandika mengine makavu, akajilaza pole pole, huku akitazama nyuma yake kila mara asimbane mtu. Watoto wakagombana kidogo, kila mmoja akapata titi lake. Hazikupita dakika nyingi mama yao akaanza kukoroma. Sungura alikuwa bado mlangoni na kikapu kitupu, maana alikuja kuchukua samadi na samadi hakuna. Alitaka kuuliza arudi saa ngapi, kisha akaona amwache alale.

Kwa hiyo mtu akikimbilia kwa mkubwa kumshitaki jirani yake, msikilizeni, ni haki yake. Lakini kabla jirani hajafunga mizigo, muulizeni kwanza mshitaki: huyu akiondoka, wewe utapata nini?